Mwalimu Burhani na Buibui wa Kabati la Sambusa

Enyi watu wa Rwamishenye, na nyinyi wa Kibeta mnaojifanya hamjasikia, na nyinyi wa Kahororo mlioko mbali kidogo lakini masikio yenu ni marefu: punguzeni moto chini ya ndizi, zimeni redio, na mwenye kikohozi akakohoe nje kwanza ndipo arudi aketi. Ninalokwenda kusimulia halijapata kusimuliwa, kwa sababu tendo lenyewe halijapata kutendeka tangu ziwa hili liitwe ziwa. Ni habari ya Mwalimu Burhani bin Awadhi, Mshika-Chaki wa Miaka Thelathini na Minne, Mfuta-Ubao Asiyechoka, jinsi alivyomchagua kiumbe wa miguu minane, akamjengea makao ya kioo, akamlinda siku ya dhiki dhidi ya maadui wawili waliomjia kwa pamoja, mmoja wao mkewe na wa pili mimi. Msiseme najisifu kwa kuwa nilikuwepo. Sisi watu wa Bukoba hatujisifu, tunaeleza tu mambo yalivyo.

Mwalimu Burhani alistaafu mwezi wa saba, na tangu siku hiyo nyumba yake ikawa darasa lisilo na wanafunzi. Alimweleza mkewe kwa nini maziwa huganda. Alinieleza mimi, jirani yake Protase, kwa nini mgomba si mti, ilhali nilikuwa na panga mkononi na mgomba wenyewe uko mbele yangu. Tulimsikiliza kadiri ya uwezo wetu, ambao si mkubwa. Bi Mwajuma, Malkia wa Sambusa, binti wa watu waliokuja Bukoba kutoka Tanga na majora yao ya kanga, alikuwa na desturi ya kuinuka katikati ya maelezo akisema anakwenda kuangalia jiko, hata kama jiko limezimwa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na ng'ombe wa kumsingizia. Mwalimu alibaki barazani akimalizia sentensi peke yake, na ukimwona hivyo, waitu, ndugu zangu, moyo ulikuuma, nasema kweli.

Ndipo mwezi wa kumi na moja, senene, wale panzi wetu watamu, walipoanza kuanguka, simu ikalia. Alikuwa Bernadina, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, ambaye leo mwenyewe ni mwalimu wa baiolojia huko Kahororo. Alimsalimu kwa adabu zote, akauliza hali ya mama, kisha akatamka maneno yaliyoanzisha vita hii. "Mwalimu, wanafunzi wangu wameona buibui mkubwa kwenye picha tu. Wewe uliyewahi kumshika mkononi, tutafutie mmoja. Jumamosi ya wiki ijayo nakuletea wanafunzi thelathini, uwafundishe."

Hapa sina budi kusimama nieleze jambo la aibu, maana mwandishi wa habari za mashujaa akificha aibu yao atakuwa muuza sabuni. Kwa miaka thelathini na minne, kila darasa lilipofika kwenye mada ya wadudu na jamaa zao, Mwalimu Burhani alishusha chaki, akakunja mkono wa shati, akawaonyesha njia aliyopita yule buibui mkubwa, ambaye vitabu humwita tarantula, siku aliyomshika chuoni: kutoka ncha ya kidole, kupitia kiganja, hadi kwenye kiwiko. Wanafunzi walishika pumzi. Wengine wao leo ni madaktari, mmoja ni padri, na wote waliondoka shuleni wakiamini. Basi jioni ya simu ile Mwalimu alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akaniambia ukweli. Chuoni, mkufunzi alipopitisha kopo lenye buibui kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine, yeye alipofikiwa aliomba ruhusa ya kwenda nje, na hakurudi mpaka kipindi kilipokwisha. "Niliogopa, Ta Protase," akasema. "Na naogopa hadi leo."

Nikamwambia akatae. Akasema akikataa, hakuna atakayempigia simu tena kumwomba afundishe chochote, na atabaki na mimi na ng'ombe wangu. Kwa hiyo alikuwa amekwisha kukubali. Kwa maneno mengine, jemedari wetu alikuwa na siku tisa za kumpata adui, kumkaribisha nyumbani, kumweka hai, na mwishowe kusimama mbele ya macho sitini yanayongoja kuona mkono ukifunguliwa.

Akafunga safari kwenda Muleba, nami nikamsindikiza, kwa kuwa jeshi la mtu mmoja halina wa kubeba kikapu. Huko, kwenye mwalo ambako mitumbwi ya visiwani huteremsha dagaa, tulimkuta Luhaga, Msukuma mchuuzi wa samaki aliyehamia visiwani kufuata sangara, na ambaye binti yake alifundishwa na Mwalimu hadi akafaulu. Luhaga alikuwa ameombwa mapema kwa simu. Alisema huko kisiwani viumbe hao wamejaa chini ya mawe, na kwamba hataki malipo yoyote ila tuwaondoe haraka, maana mkewe amekataa kuingia kibandani tangu makopo yale yaingie. Akatuwekea mbele, juu ya gunia la dagaa, makopo mawili ya mafuta ya kujipaka, vifuniko vimetobolewa kwa msumari.

Sikilizeni sasa habari ya Uchaguzi Mkuu wa Mwaloni. Katika kopo la kwanza alikuwamo buibui mwembamba, miguu mirefu, anazunguka na kugonga kuta kana kwamba amechelewa mahali. Katika kopo la pili alikuwamo mwingine, mnene, rangi imefifia kama zulia la msikitini lililopigwa jua miaka mingi, ametulia, hageuki hata ukigonga. Luhaga alimsifu yule mwepesi. Akasema yule mnene amechoka, anaonekana mgonjwa, na kwamba angekuwa samaki asingemnunua. Mwalimu akavaa miwani. Akaangalia makopo yote mawili kwa umbali ambao mtu mwingine hutumia kuangalia moto wa nyika. Kisha akanena mbele ya kadamnasi kwamba yule mwembamba ni dume, na dume akikomaa maisha yake ni mafupi. Lakini yule mnene ni jike, naye jike akitunzwa anaweza kuishi miaka ishirini, na mwenye hekima huchagua ufalme wa kudumu. Wachuuzi waliokuwa karibu walitikisa vichwa kwa heshima. Mimi niliyesimama nyuma yake niliona kwamba magoti yalitetemeka kila yule dume alipogonga kopo, na kwamba yalitulia alipomgeukia jike. Elimu yake ilikuwa ya kweli, sikatai, ila iliwasili baada ya magoti.

Makao yalikuwa vita nyingine. Bi Mwajuma alikuwa na kabati la kioo, lile alilouzia sambusa sokoni Rwamishenye kabla magoti yake hayajamgomea, kioo kimoja kimezibwa ufa kwa gundi ya karatasi. Kabati lile lilikuwa limelala chini ya kitanda likingoja siku ya kurudi kazini, na Malkia hakuwa na nia ya kumpa mpangaji mwenye manyoya. Mazungumzo yalichukua kutoka adhuhuri hadi alasiri. Alisema kwamba yeye amelelewa kutomuua buibui, kwa heshima ya yule aliyefunga mdomo wa pango siku ile Mtume alipowindwa, lakini kutomuua ni jambo moja na kumpa kabati ni jambo lingine. Mwisho alitoa masharti. Kabati likae barazani, siyo ndani. Kifuniko kiwekewe kitu kizito. Na kiumbe yule akifa au akitoroka kabla ya Jumamosi, kabati linarudi kwenye sambusa siku hiyohiyo na hakuna maelezo yatakayosikilizwa.

Mwalimu akajenga. Alitandaza udongo mweusi wa chini ya migomba, akauchanganya na maganda makavu ya kahawa ili usishike maji. Alizika nusu ya chungu kilichovunjika, kikawa pango. Aliweka kizibo cha soda, kikawa bwawa la maji. Juu alifunika kwa wavu wa dirishani, na juu ya wavu akaweka pasi ya mkaa, ile nzito ya mama yake. Nakiri, ndugu zangu, kwamba ikulu nyingi zimejengwa kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Kisha ikaja saa ya kumwingiza mgeni. Shujaa alivaa koti la mvua, mabuti ya shambani, na glavu za kufulia za mkewe zenye rangi ya waridi. Silaha yake ilikuwa mwiko uliofungwa kwenye mpini wa ufagio. Mimi nilipewa kazi ya kushika kifuniko, kazi ya hatari ambayo sitaki shukrani kwayo. Tulifungua kopo, tukaliweka mlangoni mwa kabati, tukarudi nyuma hatua sita. Tulingoja. Mwalimu alisogeza mwiko, akaurudisha, akausogeza tena, akatoa hotuba fupi juu ya subira, akaenda kunywa maji. Ikapita saa nzima na nusu. Mwisho buibui mwenyewe, bila kuguswa na mtu, alitoka kwenye kopo taratibu, akavuka udongo, akaingia chini ya kigae cha chungu kama mama anayerudi kwake kutoka sokoni. Mwalimu akaangusha wavu, akapandisha pasi, akanitazama huku jasho likimtoka ndani ya koti. Akasema, "Tumemweza."

Siku zilizofuata amani ikatawala, ila kwa jambo moja lililotutikisa sote. Mgeni hakula. Mwalimu alimtupia senene hai, wa kijani, wa msimu, aliyerukaruka kwa afya njema, na yule jike akasogea pembeni kumpisha. Jumatatu hivyo, Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo. Sasa nyinyi mnaojua Bukoba mtanielewa. Kuna watu wamekataa ndizi kwa sababu ya sukari, wengine nyama kwa sababu ya daktari, lakini kiumbe anayekataa senene mwezi wa kumi na moja hajawahi kuonekana katika nchi hii. Majirani walikuja kutazama, wakaondoka wamenuna. Mzee Avit wa nyumba ya pili alisema hiyo ni dharau.

Mimi nilifikiri kwa kina zaidi. Niliona kosa liko kwetu. Kwetu mgeni wa heshima haletewi senene mwenye mabawa na miguu akae anahangaika naye mwenyewe. Wanawake huwanyonyoa, wakawakaanga kwa chumvi na kitunguu, ndipo wakaandaliwa. Tulikuwa tumemtupia mgeni wetu chakula kama kuku. Basi Ijumaa, Mwalimu alipokwenda msikitini na Bi Mwajuma yuko uani, niliingia barazani na kisahani kutoka kwangu, nikainua pasi, nikamwekea senene watano waliokaangwa vizuri kabisa, karibu na pango. Nikasema karibu. Nikarudisha pasi, nikaenda zangu nikiwa na amani moyoni.

Mwalimu aliporudi kutoka Ijumaa, alipiga kelele moja. Nilifika mbio. Yule jike alikuwa amelala chali katikati ya udongo, tumbo juu, miguu minane imeelekea dari, hatingishiki.

Niliona senene wangu pembeni ya kizibo cha soda. Nilikuwa nimemuua. Nilikuwa nimemuua kwa kitunguu, siku moja kabla ya wanafunzi thelathini, na rafiki yangu ndiye atakayeaibika. Bi Mwajuma alitoka uani akijifuta mikono, akachungulia, akamwambia mumewe kilichotarajiwa: "Baba Riyadhi, amekufa. Mtoe kabla hajanuka. Nalihitaji kabati langu." Nami, Mungu anisamehe, nilimuunga mkono kwa bidii ambayo hakuitegemea. Nilisema maiti haikawizwi. Nilisema nitachimba mimi mwenyewe. Jembe nilikuwa nimekwisha kulichukua. Nilimpigia hata Luhaga, naye akasema kwenye simu, si niliwaambia, yule alikuwa mgonjwa tangu mwaloni, mtupeni.

Hapo ndipo Mwalimu Burhani bin Awadhi, mtu aliyekimbia kopo chuoni, alipochukua kigoda akakiweka mbele ya kabati, akakaa, akatanua mikono yake miwili kukinga kioo. Alikuwa bado amevaa kanzu ya Ijumaa. Ninaamini kwamba kwa dakika nzima yeye pia alidhani yule jike amekufa. Kisha akafumba macho kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope, na akanena.

"Mwajuma binti Saidi, mama wa wanangu, na wewe Ta Protase, weka jembe chini. Buibui akifa hukunja miguu chini ya tumbo lake. Huyu amelala chali na miguu imefunguka. Hakula kwa sababu alikuwa anajiandaa. Rangi ilififia kwa sababu ilikuwa imechakaa. Anavua ganda lake. Jambo hili nimeliandika ubaoni kila mwaka kwa miaka thelathini na minne na sijawahi kuliona kwa macho. Leo nitaliona, na hakuna atakayemgusa."

Bi Mwajuma akasema anampa mpaka alasiri. Tukakaa. Hakika vipo vizingiro vya miji vilivyochukua miezi, lakini havikuwa na saa ndefu kama zile. Adhana ya alasiri ilikuwa haijamalizika pale Mwalimu aliponyoosha kidole bila kusema. Pembeni mwa kifua cha yule jike palikuwa pamepasuka mstari mwembamba. Ukapanuka. Kikatoka kitu laini, kimelowa, na mguu wa kwanza ukaanza kuvutwa nje ya mguu wa zamani, pole pole, kama mtu anayevua soksi iliyoloa, ila soksi zenyewe ni nane. Mwalimu alieleza kila hatua kwa sauti ya chini. Alieleza kwa nini anapumzika katikati, kwa nini meno yake yametoka meupe, kwa nini sasa hawezi kuguswa kwa siku nyingi maana mwili wake ni laini kuliko ubuyu wa kuloweka. Bi Mwajuma hakwenda kuangalia jiko. Aliuliza swali moja, kisha la pili, kisha akavuta mkeka akaketi.

Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: hawezi kuguswa. Nikamvuta Mwalimu kando, nikamnong'oneza kwamba Mungu amemfungulia mlango. Kesho wanafunzi wakimwomba amshike, atajibu kwamba elimu inakataza, na itakuwa kweli tupu, na hadithi ya kiwiko itabaki salama hadi siku atakayozikwa. Akarudi kwenye kigoda chake. Jioni alipokuwa anasafisha kabati kwa kijiko kirefu alitoa senene watano wa kukaangwa, akauliza nani ameweka hivi humu. Niliangalia migomba. Mpaka leo hajui, na atakayemwambia tutaonana.

Jumamosi wakaja. Thelathini kweli, sare zimepigwa pasi, madaftari mkononi, na Bernadina mbele yao akiwapanga kwa urefu. Walijaa barazani, wakamwagika hadi kwenye maua ya Bi Mwajuma. Yule jike alikuwa mdomoni mwa pango lake, mpya, rangi ya kahawa iliyokaangwa, mkubwa kuliko jana. Mwalimu alifundisha. Sitaeleza somo zima kwa sababu sikuelewa yote, lakini sauti ile ya zamani ilirudi, ile iliyokuwa inavuka uwanja wa shule hadi barabarani. Hakuna aliyesinzia.

Ndipo Bernadina, kwa nia njema, akasimama kuwaambia wanafunzi wake wajue wako mbele ya nani: huyu ndiye mwalimu aliyemwacha buibui kama huyu atembee mkononi mwake, kutoka kidoleni hadi kiwikoni. Wakapiga makofi. Mlango niliomwonyesha jana ulikuwa wazi kabisa, angepita tu. Nilimkonyeza.

Shujaa akainuka. Akaondoa pasi ya mkaa. Akakunja mkono wa shati, akainua wavu, akauingiza mkono mtupu ndani ya kabati, upande ule wa mbali na pango, ambako ganda la jana lilikuwa limetupwa. Mkono ulitetemeka hata kizibo cha soda kikamwaga maji. Aliutoa taratibu, na juu ya kiganja chake palikuwa na ganda zima, miguu minane, manyoya yote, tupu ndani. Akalishika hivyo mbele yao kwa muda ambao nilihesabu pumzi zangu kumi na moja, na tangu pumzi ya tano jasho lilikuwa limefika kidevuni.

"Wanangu," akasema, "sikuwahi kumshika. Nilimdanganya mwalimu wenu Bernadina na wenzake, kwa sababu niliogopa. Hili ni ganda tu, halina mtu ndani, na bado naogopa. Mnaona mkono."

Bernadina aliinamisha uso, na sijui kama alikuwa anacheka au analia, maana mabega hufanana. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba ya Mwalimu. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa mbele, aliyekuwa ameinamia daftari muda wote, akanyoosha kalamu juu bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, rudia hapo mwisho. Bado naandika."

Naam, watu wa Rwamishenye, andikeni nanyi. Wako waliovunja ngome na kuteka ng'ombe, wakasifiwa na watu waliolishwa kwa kazi hiyo, na habari zao ziko kwenye vitabu ambavyo hakuna anayevifungua. Huyu wetu aliandikwa siku moja katika madaftari thelathini, kwa mikono thelathini, na mtihani utakuja. Mwalimu Burhani alisogeza ganda karibu na kifua lisianguke, akarudia kama anayesoma imla, kwa sauti ile ya ubaoni, polepole, ili hata wa nyuma wamfikie.

"Sikuwahi kumshika, mkato, kwa sababu niliogopa, nukta." Akawasubiri mpaka kalamu ya mwisho iliposimama. "Aya mpya."